Surua na Ubongo wa Mtoto: Adui Abakiye Nyuma

Kila askari aliyepata kufanya kazi ya mpakani anajua kwamba mpaka wa maji ni mgumu kuulinda kuliko mpaka wa nchi kavu. Ziwa Mweru ni mfano mwema wa jambo hilo. Upande wa mashariki ni Zambia, yenye miji ya Nchelenge na Kashikishi. Ng'ambo ya magharibi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye mji wa Kilwa, ambao usichanganywe na kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani humohumo upande wa Zambia. Kaskazini, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani, upo mji wa Pweto. Katikati hakuna ukuta wala waya. Ipo mitumbwi, na ndani ya mitumbwi wamo wavuvi, wachuuzi wa samaki, akina mama waendao kuzika jamaa zao, na watoto waliofungwa migongoni.

Mwaka 2017 njia hiyo ya maji na zile za nchi kavu zilijaa watu. Maelfu ya wananchi wa Kongo, kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, walikimbia mapigano wakaingia Zambia. Walipokewa kwanza kituoni Kenani, kisha kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, yaliyomo wilayani Nchelenge. Wengi wao wanasema Kiswahili. Nyuma yao, nchini kwao, ulikuwa ukianza mlipuko mkubwa wa surua. Ulidumu miezi 25, na ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Agosti 2020, ulikuwa umekwisha kuua zaidi ya watoto 7,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Zambia nayo ilipatwa na milipuko yake, mmoja mkubwa mwaka 2010 na 2011, na mwingine mwaka 2022.

Waliokufa walizikwa. Waliopona waliota ngozi mpya, wakarudi kucheza, na wazazi wao wakahesabu kwamba vita vimekwisha. Makala haya yanawahusu wachache sana miongoni mwa hao waliopona, ambao vita vyao havijaanza. Mtoto aliyeugua mwaka 2019 akiwa hajaanza kutembea, leo ni mwanafunzi wa shule ya msingi, na huo ndio umri ambao maradhi tutakayoyaeleza hupenda kujitokeza.

UGONJWA WENYEWE

Madaktari wanauita ugonjwa huo kwa jina refu, ambalo hata wao hulifupisha wakaandika SSPE. Maana yake ni uvimbe wa ubongo mzima, uendao polepole na kuufanya ubongo ugande na kuwa mgumu. Husababishwa na kirusi cha surua, kilekile kilichomtoa mtoto vipele, ambacho hakikutoka mwilini vipele vilipokauka. Kwa kawaida hupita miaka sita hadi kumi baina ya surua na dalili ya kwanza. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana.

Dalili ya kwanza haifanani na ugonjwa. Mtoto aliyekuwa mwepisi darasani anaanza kusahau. Mwandiko wake unaharibika. Anakasirika pasipo sababu, au anakaa kimya akitazama mahali pamoja. Mwalimu analalamika kwamba mtoto amekuwa mvivu, na baba, hasa baba wa kazi yetu ambaye amezoea kuona amri ikitiiwa, anashika fimbo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto mwenye ugonjwa huu aweza kuchapwa kwanza kabla ya kupelekwa hospitali.

Baada ya majuma au miezi hutokea mishtuko. Mtoto anaruka ghafla kana kwamba amesikia mlio wa risasi, kichwa kinaanguka mbele au mikono inatupwa, na baada ya sekunde chache jambo hilo linajirudia, kisha linajirudia tena, kwa mwendo unaokaribia kuwa wa saa ya ukutani. Huangusha kikombe. Huanguka mwenyewe akitembea. Wengine hupungukiwa na macho. Baadaye viungo hukakamaa, maneno hupotea, na mtoto hulazwa akiwa hawezi kumtambua mama yake. Wengi hufa kati ya mwaka mmoja na mitatu tangu dalili za mwanzo. Katika kila wagonjwa 100 wapo kama watano ambao maradhi husimama yenyewe kwa muda. Dawa ya kuponya haijapatikana. Zipo dawa ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza mwendo wa maradhi, na zipo za kutuliza mishtuko. Kazi kubwa iliyobaki ni ya mama na ya muuguzi, kumlisha mgonjwa bila kumpalia na kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni.

Yafaa jambo moja lifahamike mapema, maana hofu huzaa ukatili. Mtoto mwenye ugonjwa huu hamwambukizi mtu yeyote. Kirusi kilichomo ubongoni mwake kimebadilika, kikapoteza uwezo wa kutengeneza ipasavyo protini ya kukiwezesha kutoka nje ya seli kikiwa kizima. Hutambaa kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine, ndani kwa ndani, na ndiyo sababu askari wa kinga ya mwili hawakioni kikipita uwanjani. Kaka na dada zake waweza kulala naye chumba kimoja.

UPELELEZI WA MIAKA 36

Askari polisi watapendezwa na jinsi mkosaji alivyopatikana. Mwaka 1933 mtaalamu wa Marekani aitwaye James Dawson alitazama kwa darubini ubongo wa kijana aliyekufa kwa maradhi yasiyojulikana, akaona ndani ya seli alama zilizomfanya ashuku kuwapo kwa kirusi. Alishuku tu; hakuweza kumtaja mshukiwa. Mwaka 1945 Ludo van Bogaert wa Ubelgiji akaeleza wagonjwa wa namna hiyohiyo, naye hakumtaja.

Wakati huo kirusi cha surua chenyewe kilikuwa hakijapata kutiwa mbaroni. Kilikamatwa Boston mwaka 1954, pale John Enders na Thomas Peebles walipokikuza kutoka katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyeitwa David Edmonston. Kutokana na kirusi cha kijana huyo ilitengenezwa chanjo iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963, na hata leo sehemu kubwa ya chanjo ya surua duniani ni uzao wa kirusi hicho kilichodhoofishwa.

Ushahidi ukaanza kujengeka. Mwaka 1965 darubini ya elektroni ilionyesha ndani ya ubongo wa wagonjwa chembe zinazofanana na za kirusi cha jamii ya surua. Mwaka 1967 damu yao na maji ya uti wa mgongo vilionekana kuwa na kingamwili za surua kwa wingi usio wa kawaida. Hatimaye mwaka 1969 kirusi chenyewe kikatolewa katika ubongo wa wagonjwa, kikiwa hai, kikakuzwa maabara. Kutoka shuku ya Dawson hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 36.

Upelelezi huo haukuishia hapo, kwani palikuwa na swali la haki kabisa: je, chanjo, ambayo ni kirusi kilichodhoofishwa, haiwezi kuleta maradhi haya? Virusi vilivyotolewa katika ubongo wa wagonjwa vilichunguzwa nasaba yao, na vilivyopatikana ni vile vya surua ya mitaani. Cha chanjo hakijapata kukutwa humo. Tena nchi zilizochanja watoto wake kwa wingi ziliona ugonjwa huu ukitoweka, baada ya miaka kadhaa, nyuma ya surua yenyewe.

MSHUKIWA SI MKOSAJI

Kesi ya surua ilithibitika. Kesi nyingine za virusi na ubongo wa mtoto hazikwenda hivyo, na ni vema msomaji ajue tofauti, maana siku hizi maneno mengi ya kiganga husemwa kwa sauti ya uhakika.

Mwaka 1958, mjini Montreal, Kanada, daktari wa upasuaji Theodore Rasmussen na wenzake walieleza watoto waliokuwa na kifafa kibaya kilichotokana na uvimbe wa nusu moja tu ya ubongo. Mkono wa mtoto wa namna hiyo waweza kutikisika siku nyingi bila kukoma, upande mmoja wa mwili ukazidi kudhoofu, na nusu ile ya ubongo ikanywea. Rasmussen alidhani ni kirusi. Tangu hapo virusi vya jamii ya malengelenge na jamaa zake vimeshukiwa. Vilikutwa katika ubongo wa wagonjwa wengine, vikakosekana kwa wengine, na vilikutwa pia katika watu wasio na maradhi hayo. Hakimu mwaminifu hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi wa namna hiyo. Kinachokubaliwa leo ni kwamba kinga ya mtoto mwenyewe huushambulia ubongo wake. Aliyeichokoza mara ya kwanza hajathibitishwa. Tiba iletayo nafuu kubwa ni ya kutisha kuisikia, nayo ni kuitenga kwa upasuaji nusu iliyougua. Lakini watoto wengi waliofanyiwa huacha kupatwa na kifafa, na hujifunza kutembea upya.

Afrika Mashariki ina kesi yake. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona watoto ambao kichwa kiliinama na kuinuka kama cha mtu anayesinzia. Ugonjwa kama huo ulikuja kuwaumiza watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, na wa Sudan Kusini. Virusi vilichunguzwa, surua ikiwamo. Ushahidi mwingi umeelekea kwa mdudu mwingine kabisa, yaani mnyoo wa usubi uenezwao na nzi waumao kandokando ya mito yenye maji ya kasi. Uganda ilipogawa dawa za mnyoo huo na kuwaua nzi, wagonjwa wapya wakapungua mno.

Kwa mintarafu hiyo, askari aliye Nchelenge asione degedege akafikiri SSPE. Kando ya Ziwa Mweru mshukiwa wa kwanza ni malaria, ambayo huko huwapo mwaka mzima, na ni kali kuliko sehemu nyingi za Zambia. Malaria iliyopanda kichwani huja na homa, huja kwa saa au kwa siku, na huua upesi. Mtoto huyo apelekwe mara moja kwenye zahanati iliyo karibu, au katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo iliyoko Kashikishi, bila kungoja kupambazuke. SSPE haina haraka hiyo. Huja bila homa, kwa majuma na miezi, na swali moja la daktari ndilo lifungualo mlango: mtoto huyu aliugua surua lini, akiwa na umri gani? Mzazi akilijibu, hupimwa maji ya uti wa mgongo, na katika hospitali kubwa hupimwa mitetemo ya umeme wa ubongo, ambayo katika ugonjwa huu hutoa alama zinazojirudia kwa vipindi, zisizofanana na za kifafa cha kawaida.

Huko kuja polepole ndiko huleta kazi kwa polisi. Mtoto ambaye jana alikuwa mwerevu, na leo anaruka na kupotewa na maneno, pasipo homa wala jeraha, hutafutiwa mchawi. Mara nyingi hupatikana bibi mzee asiye na mtetezi. Sheria ya Uchawi ya Zambia, ambayo asili yake ni ya mwaka 1914, humhesabu kuwa mkosaji yule amtajaye mwenzake kuwa ni mchawi; hivyo askari anayo mamlaka ya kumlinda bibi huyo. Akiweza pia kuwaeleza jamaa kwamba neno walilolisahau ni surua ya miaka saba iliyopita, ulinzi wake utadumu zaidi ya siku moja.

WALIO CHINI YA MIEZI TISA

Ugonjwa huu ni nadra, na hakuna faida ya kumtisha mtu. Zamani ilidhaniwa kwamba humpata mmoja katika kila watoto 100,000 waliougua surua. Baadaye, hesabu za Marekani zilipanda zikafika wanne hadi 11. Kisha wataalamu wa jimbo la California walitazama nyuma, wakawafuatia watoto walioambukizwa katika milipuko ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada yake, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliwashtua wengi. Kwa walioambukizwa kabla ya kutimiza miaka mitano, ilikuwa mmoja katika kila 1,367. Kwa walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mmoja katika kila 609.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha makala haya. Ratiba ya Zambia, kama zile za Tanzania na Kenya, hutoa dozi ya kwanza ya chanjo ya surua katika miezi tisa na ya pili katika miezi 18. Haitolewi mapema zaidi kwa sababu mtoto mchanga bado ana kinga aliyoachiwa na mama yake, na kinga hiyo huiharibu chanjo. Lakini kinga ya mama hupungua mwezi hadi mwezi, na wengi huishiwa nayo kabla ya miezi tisa kutimia. Katika pengo hilo mtoto hana ngao yoyote ya mwilini mwake, na ndilo pengo ambalo surua ikipita huacha madhara makubwa zaidi ubongoni. Ngao yake ni watoto wengine. Surua ikikosa wa kumshika katika nyumba za jirani, haimfikii. Na kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, tena huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijaonekana, wanatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa kwa dozi mbili ili ngao hiyo isimame.

Sasa tutazame nyumba za familia kambini. Koplo anahamishwa katikati ya mwaka. Mtoto wake wa miezi 14 alikwisha kupata dozi ya kwanza. Ya pili ilikuwa apewe huko walikotoka. Vitu vinapakiwa kwenye lori, kadi ya kliniki inabaki katika droo ya meza iliyokabidhiwa kwa bohari. Huko waendako mama hana kadi, anaona haya kuulizwa, haendi. Hakuna aliyekataa chanjo. Hakuna aliyefanya kosa la makusudi. Lakini mtoto huyo, akiwa na miaka minne, ndiye atakayeileta surua nyumbani kwa Sajini aliye jirani, ambaye mkewe ana mtoto wa miezi sita. Majeshi yalijifunza zamani kwa gharama kubwa jinsi surua inavyopenda mabweni: mwaka 1917 na 1918 iliua askari wapya wengi katika kambi za mafunzo za Marekani kabla hawajaona uwanja wa vita. Familia zetu hukaa kwa msongamano uleule.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kadi ya kliniki ingestahili kukaguliwa siku ya uhamisho kama inavyokaguliwa silaha. Na ikipotea, dawa yake ni rahisi: mtoto achanjwe tena, kwa kuwa dozi ya ziada haimdhuru.

Wavuvi wa Mweru wana uhamisho wao pia. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na familia nyingi huondoka pwani ya ziwa kwenda mashambani bara, ambako zahanati ziko mbali na mvua imeharibu njia. Mtoto atimizaye miezi tisa katika majira hayo ni rahisi kusahaulika. Waliotoka Kongo wana jambo jingine: kwa miaka mingi ratiba ya nchi yao ilikuwa na dozi moja tu. Mtoto wa huko ambaye kadi yake imejazwa sawasawa huenda bado anadai dozi ya pili.

Wapo pia watoto wenye virusi vya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Lusaka, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba watoto hao wakiugua surua hubaki na alama za kirusi mwilini kwa muda mrefu kuliko wenzao, hata baada ya vipele kwisha. Kwao ubongo waweza kushambuliwa katika miezi tu, pasipo kungoja miaka. Mzazi aliye katika matibabu asiache kumwambia muuguzi.

Surua ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, mtoto hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, nayo huokoa macho na maisha ya wengi. Ubongo haulindwi kwa vitamini hiyo. Ulikuwa ulindwe kabla.

Imesalia habari ya kichupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, katika vichupa ambavyo kwa kawaida ni vya dozi 10, na hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kasha lenye barafu, tangu Mansa hadi kisiwa cha mwisho. Ikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, kisha iliyobaki humwagwa. Kwa hiyo muuguzi aliyevuka kwa boti hadi kisiwani Kilwa au Isokwe, akamkuta mtoto mmoja tu kliniki, huingiwa na tamaa ya kumwambia mama arudi siku nyingine watakapokuwa wengi. Mama huyo amepiga kasia tangu alfajiri, na siku nyingine huenda asirudi. Agizo la wizara za afya na la Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na dozi tisa zimwagwe.